Singapore: Umeniuliza kama dini zote zinapatana

Mdogo wangu, umeuliza kwenye kundi la ukoo kama ni kweli huku Mwislamu, Mhindu, Mkristo na Mbudha wanakaa bila ugomvi, maana unafikiria kuja kusoma. Nakujibu wazi.

Kweli wanakaa. Pale South Bridge Road, msikiti wa Jamae na hekalu la Kihindu la Sri Mariamman ni jirani tangu miaka ya 1820. Nenda Waterloo Street uone Wachina wakitoka kuomba kwa Kwan Im, mungu wa huruma wa Wabudha, halafu wanachoma ubani mlangoni kwa Krishna, hekalu la Kihindu la pili yake. Mara ya kwanza nilisimama nikashangaa, nikafurahi sana.

Ila usidhani ni mapenzi matupu. Mwaka 1964 Wachina na Wamalay waliuana mitaani, na serikali haijasahau. Tangu 1989, nyumba za serikali, wanamoishi wananchi walio wengi, zina viwango vya idadi ya kila kabila: Wachina wakishatimia katika jengo, jirani Mmalay hawezi kumuuzia Mchina mwingine. Ukikashifu dini ya mtu mtandaoni, utaitwa polisi. Mimi naunga mkono, maana nimeona kwingine maneno yanakoishia. Lakini kuna gharama. Vipaza sauti vya misikiti vimeelekezwa ndani na adhana inasomwa redioni. Kwa mtu aliyekulia Tanga, alfajiri isiyo na adhana ni nzito, na mpaka leo sijaizoea.

Chakula kisikutie hofu. Hata sehemu ya kurudishia sinia kwenye masoko ya vyakula, sinia za halali zina rafu yake.

Pa kuumiza ni nyumba. Kwenye fomu wewe ni Mchina, Mmalay, Mhindi au "Wengineo", na sisi tumo kwenye hao wengineo. Dalali mmoja alinichangamkia vizuri kwenye simu mpaka nilipomwambia natoka Tanzania. Akanyamaza, kisha akasema mwenye nyumba ameahirisha. Tangazo lilibaki palepale wiki nzima. Wahindi nao wanalalamika hivyohivyo, tena wengine wamezaliwa hapahapa. Viwango vya serikali haviwezi kumlazimisha mtu akupe chumba chake.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza kaa hosteli ya chuo. Ukianza kutafuta chumba mtaani, usimalizane kwenye simu. Nenda mwenyewe, mwenye nyumba akuone, na kama ni kukukatalia akukatalie usoni.