Kabla Hujanunua Mini ya Zamani, Ijue Ilivyoundwa

Watu wengi wanaoiona Mini yangu hapa Birmingham huniuliza kama nao wanaweza kununua moja bila kuja kujuta. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja. Anayetaka kumiliki Mini ya asili, yaani ile iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1959 hadi mwaka 2000, ajifunze kwanza kwa nini gari hilo liliundwa namna lilivyoundwa. Karibu kila uamuzi uliopitishwa na wahandisi wake mwishoni mwa miaka ya 1950 ungali unamgusa mwenye gari hadi leo, ama kwa raha anayoipata barabarani, ama kwa kazi inayomsubiri chini ya boneti. Asiyeijua historia hiyo atalipa fedha nyingi kwa rangi inayong'aa, kisha atashangaa miezi michache baadaye fundi atakapomwonyesha kilichofichwa chini yake.

Chanzo cha Mini ni uhaba wa petroli. Julai 1956 Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, aliutaifisha Mfereji wa Suez, vita vikafuata, mfereji ukafungwa, na Waingereza wakajikuta wakinunua petroli kwa mgao kuanzia Desemba mwaka huo hadi Mei 1957. Wakati huo vigari vya Kijerumani vyenye umbo la kiputo vilianza kuenea katika barabara za Uingereza kwa sababu vilikula mafuta kidogo sana. Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya BMC iliyounganisha Austin na Morris, alivichukia vigari hivyo na kutaka vifukuzwe barabarani na gari dogo lililo kamili. Kazi hiyo alimpa Alec Issigonis, mhandisi aliyezaliwa Smyrna, mji unaoitwa Izmir siku hizi, mwaka 1906, ambaye tayari alikuwa amewapa Waingereza Morris Minor. Sharti lilikuwa kwamba atumie injini ambayo kampuni ilikuwa nayo, kwa sababu muda na fedha za kubuni injini mpya havikuwapo. Naona ajabu kwamba miongoni mwa vigari alivyovichukia Lord ilikuwamo Isetta iliyotengenezwa na BMW, kampuni ileile ambayo mwaka 1994 ilikuja kuinunua Rover, kampuni iliyoirithi BMC, pamoja na Mini yake.

Issigonis alijiwekea mipaka migumu. Gari liwe na urefu wa futi 10 hivi, sawa na mita 3.05, libebe watu wazima 4 na mizigo yao, na sehemu kubwa kabisa ya urefu huo iwe ya abiria. Ili kuipata nafasi hiyo aliilaza injini kwa upande, kutoka tairi moja la mbele kuelekea la pili, akaiweka giaboksi chini ya injini ndani ya bakuli lilelile la oili, na nguvu zote akazipeleka kwenye magurudumu ya mbele. Magurudumu yenyewe yalikuwa ya inchi 10 tu, na ilibidi Dunlop itengeneze matairi mapya kwa ajili yake. Rejeta haikupata nafasi mbele, ikasogezwa ubavuni. Gari la majaribio lililofungwa injini ya cc 948 lilionekana kuwa na kasi kupita kiasi, ndipo injini ikapunguzwa hadi cc 848 yenye nguvu za farasi 34. Tarehe 26 Agosti 1959 gari likatangazwa kwa majina mawili, Austin Seven na Morris Mini-Minor, kwa bei isiyofika pauni 500 pamoja na kodi.

Sasa tuliangalie jambo hilo kwa jicho la mnunuzi. Giaboksi inayoogelea katika oili ya injini ina maana kwamba oili moja inafanya kazi mbili, na meno ya gia huisaga na kuichosha upesi. Kwa hiyo Mini haivumilii mtu anayeahirisha kubadilisha oili. Mimi hubadilisha kila baada ya kilomita 5,000 hivi, kwa oili ya madini ya daraja la 20W-50, na sikubali kushawishiwa kutumia oili nyepesi za magari ya kisasa. Ncha ya nati ya kumwagia oili ina sumaku, na hapo pana siri ambayo muuzaji hawezi kuificha. Mwombe aifungue mbele yako. Ukiikuta imeshika utope laini wa kijivu, hiyo ni kawaida ya giaboksi inayofanya kazi. Ukiona vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, basi jino la gia au beringi inaoza humo ndani, na itabidi injini nzima ishushwe, kwa sababu giaboksi haitoki peke yake. Fundi wa Mini hutoza kazi hiyo kwa saa nyingi.

Kuna jingine lililoletwa na injini kulazwa. Kabla gari halijaanza kuuzwa, injini iligeuzwa ili kabureta ikae nyuma, na kwa ugeuzaji huo distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ikabaki mbele, nyuma tu ya grili, inapopigwa na mvua moja kwa moja. Mini za mwanzo zilizimika njiani siku za mvua kubwa, na baadhi ya wamiliki walitumia glavu ya mpira ya kuoshea vyombo: huvishwa distributa, kisha waya 4 za plagi na ule mmoja wa koili hupitishwa katika vidole 5 vya glavu. Nimeiona kwenye gari la mzee mmoja, na ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Siku hizi yako maganda maalumu ya plastiki, na gari lisilo nalo liongezewe kabla ya masika. Rejeta ya ubavuni nayo huziba matope upande usioonekana, ndiyo maana Mini nyingi hupandisha joto kwenye foleni ilhali kwenye barabara kuu zinakwenda salama. Acha injini iungurume gari likiwa limesimama kwa robo saa huku ukiiangalia geji ya joto, hata kama muuzaji ana haraka.

Raha ya Mini, ambayo ndiyo hasa inayotufanya tuvumilie yote haya, inatokana na magurudumu kuwekwa pembeni kabisa mwa bodi na kazi ya mhandisi Alex Moulton. Badala ya springi za chuma, Moulton alifunga koni za mpira ambazo kadiri zinavyobanwa ndivyo zinavyozidi kuwa ngumu, kwa hiyo gari tupu na gari lenye watu 4 hutembea kwa namna inayokaribiana. Usukani unaitika papo hapo. Ukiingia kona, gari halilali ubavu, linageuka tu, na kwa kuwa umekaa chini sana, mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakupa furaha ambayo gari kubwa haliwezi kukupa hata likikimbia maradufu. Sijawahi kuendesha gari jingine linalomfanya dereva awe makini kiasi hicho bila kuvunja sheria yoyote ya mwendo. Lakini mpira huzeeka. Koni zilizochoka hulala, gari likashuka na kuanza kurukaruka kwenye kila kibonde, na wauzaji wengine husema kwamba Mini zote ziko hivyo. Hilo si kweli. Koni mpya zinapatikana, na tofauti yake huihisi hata abiria. Usisahau pia chuchu za grisi kwenye viungo vya magurudumu ya mbele na mikono ya nyuma, maana zikikosa grisi kwa miaka, beringi za nyuma huliwa na magurudumu huanza kuinama.

Nimekuja kwenye kutu, na hapa sitaki msomaji aharakishe. Injini ya Mini ni rahisi, vipuri vyake vimejaa madukani, na fundi mwenye uzoefu huifufua bila shida kubwa. Bodi ndiyo gari. Ili kupunguza gharama, kingo za mabati zilikunjwa kutazama nje ili mchomeleaji azifikie kwa urahisi, ndiyo maana utaona mistari iliyoinuka ikishuka kwenye pembe za mbele na za nyuma. Maji hukaa katika maungio hayo. Chini yake kuna fremu ndogo mbili, moja ya kushikilia injini na nyingine ya magurudumu ya nyuma, na ile ya nyuma ndiyo inayooza kwanza, kwa kuwa hupokea matope yote pamoja na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Wasomaji wa Mombasa, Tanga na Unguja wanajua vizuri chumvi inavyolifanya bati la gari; huku hali ni hiyohiyo, ila chumvi yetu inaletwa na lori la halmashauri.

Ninapokagua Mini hubeba tochi, kipande cha sumaku kilichofungwa kitambaa laini, na nguo nisizoogopa kuzichafua. Nalala chini upande wa nyuma na kugonga fremu ndogo kwa kifundo cha kidole: chuma kizima hujibu kwa mlio mkavu, kilichooza hutoa sauti nzito na kuangusha vumbi jekundu usoni. Kisha napitisha sumaku kwenye vizingiti vya chini ya milango, kuzunguka taa za mbele, na kwenye kipande kilicho kati ya mlango na tairi la mbele. Pale sumaku inapoteleza bila kushika, pamepigwa pati na kupakwa rangi juu yake. Nafungua buti na kuinua zulia kutazama kisanduku cha betri kilichomo sakafuni, kwa kuwa maji na tindikali hukitoboa. Mwisho natazama ukingo wa chini wa kioo cha mbele. Malengelenge madogo ya rangi mahali hapo yana maana kwamba ndani kuna ugonjwa mkubwa kuliko unavyoonekana, na kuutibu ni lazima kioo kitolewe. Gari lililooza kupita kiasi bado linaweza kuokolewa, kwa sababu British Motor Heritage hutengeneza bodi mpya za Mini huko Witney, lakini gharama ya bodi hiyo na kazi ya kuhamisha kila kitu inatosha kununulia gari zima lililotunzwa.

Juu ya Mini Cooper, toleo la kasi la gari hili, nitasema kwa tahadhari. John Cooper, ambaye magari yake yalitwaa ubingwa wa waundaji wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960, aliona uwezo wa gari hili kabla ya wengi, na mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper ya cc 997, ikafuatiwa na Cooper S mwaka 1963. Paddy Hopkirk alishinda Monte Carlo Rally mwaka 1964, Timo Mäkinen mwaka 1965, na Rauno Aaltonen mwaka 1967; mwaka 1966 Mini zilifika za kwanza zikaondolewa kwa sababu ya taa zake, uamuzi ambao mashabiki hawajausamehe. Aaltonen ndiye huyohuyo ambaye mashabiki wa Safari Rally ya Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa kurudi mara nyingi bila kuubeba ushindi. Heshima hiyo imezifanya Cooper S za miaka ya 1960 kuwa ghali sana, na penye bei kubwa hapakosi wadanganyifu wanaoligeuza gari la kawaida kwa nembo mbili na mistari ya boneti. Usinunue Cooper bila cheti kinachotolewa kutokana na kumbukumbu za kiwanda zilizohifadhiwa British Motor Museum, Gaydon, kinachoonyesha gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na nini.

Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza napendekeza Mini 1000 ya cc 998. Ikiwa utaiendesha mara kwa mara, tafuta iliyotoka baada ya mwaka 1984, ilipopata magurudumu ya inchi 12 na breki za diski mbele, kwani breki za ngoma za nyakati za nyuma zinamtaka dereva mwenye nidhamu. Za mwisho, kuanzia mwaka 1996, zina mfuko wa hewa kwenye usukani na mfumo wa kompyuta wa kunyunyiza mafuta. Ni tulivu zaidi, ila kompyuta hiyo ikigoma, bisibisi haikusaidii. Ile ya BMW iliyoanza mwaka 2001 ni gari zuri, lakini ni gari jingine kabisa.

Kwa wanaoishi Uingereza, gari lililofikisha miaka 40 bila kubadilishwa sana halilipi kodi ya barabara, halilazimiki kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka, wala halitozwi ada ya hewa chafu mjini London. Mimi hulipeleka langu kwenye ukaguzi hata hivyo, na nakusihi ufanye hivyo, kwa kuwa milango ya Mini ni myembamba na miguu ya dereva iko karibu sana na bampa. Weka nafasi kubwa nyuma ya malori. Kuhusu petroli, tumia ile yenye alama ya E5, yaani yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, badala ya E10, yenye hadi asilimia 10, ambayo hula mipira ya zamani ya mafuta, na kwa injini zilizotoka kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 uliza kama viti vya valvu vimebadilishwa. Kama bado, ongeza dawa inayochukua nafasi ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa katika petroli zamani.

Ukiridhika na yote hayo, omba kuliendesha. Tafuta uwanja mtupu, kunja usukani hadi mwisho, uzunguke polepole kulia na kisha kushoto huku dirisha likiwa wazi. Mlio wa kuchakata kwenye tairi la mbele ni wa sivi-joint, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, iliyokwisha, nayo si sababu ya kuliacha gari, bali ya kupunguza bei. Gia ya pili ikikwaruza unaposhuka kutoka ya tatu, rudi kwenye ile nati ya sumaku na umwombe muuzaji aifungue tena. Akikataa, shukuru, aga, ukatafute nyingine. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 5, na nzuri bado zipo.