Ajenti inabuku tiketi kabla haijaambiwa

Swali: Asalaam alaykum kaka. Nipo Chake, Pemba, natengeneza ajenti ya WhatsApp, yaani programu ya AI inayojibu wateja na kufanya kazi yenyewe, kwa ofisi moja ya tiketi za boti. Mteja akiandika "nataka kwenda Unguja Ijumaa, ipo nafasi?" yenyewe inakimbilia kubuku. Nimeandika kwenye promti (yale maagizo ninayoipa) kwa herufi kubwa USIBUKU MPAKA UAMBIWE, wapi! Jamaa kanambia nilipie modeli kubwa zaidi, yaani huo ubongo wa AI wenyewe, n'do itatulia. Zana zangu, vile vitendo ilivyoruhusiwa kuvifanya, nimekutumia uzione.

Jibu: Waalaykum salaam mdogo wangu. Pesa yako iache mfukoni kwanza.

Nimezisoma. Moja inaitwa "safari", maelezo yake "inashughulikia safari za boti". Nyengine "booking", maelezo yake "inashughulikia booking za boti". Basi, n'do mwisho. Sasa mchukue kijana mgeni wa kazi umuweke kaunta pale bandarini Malindi, Unguja, umpe vitufe viwili vyenye maneno hayo, aje mtu aulize nafasi, atabonyeza kipi? Atabahatisha. Na hizo herufi kubwa zako hazikosei, ila mteja kasema "nataka kwenda", na kwa modeli huko n'do kuambiwa kwenyewe.

Kitu kinachonikera khasa, na nakutana nacho karibu kila wiki, ni hii imani kwamba modeli inaona kodi yako, maandishi ya programu (sio ile ya kulipa ZRA). Haioni! Funksheni, kile kipande cha kodi kinachofanya kazi ya zana, uiandike vizuri namna gani, uijaze komenti kila mstari, modeli inapelekewa jina la zana, maelezo yake na orodha ya parameta (nafasi za kujaza, kama mahali na saa), hapo hapo inachagua. Yale maneno manne uliyoyaandika saa nane za usiku macho yanafumba n'do zana yenyewe kwa upande wake. Mtu anakaa mwezi kwenye kodi, maelezo anayapa dakika mbili, halafu mambo yakiharibika ananunua pdf ya "promti za siri" kwa mjuaji wa Instagram ambaye hajawahi kuiweka ajenti mbele ya mteja hata mmoja. Nyingi ya hizo pdf ni kelele tu, "wewe ni mtaalamu wa hali ya juu", haya, mtaalamu wa hali ya juu bado hajui "safari" na "booking" zinatafautiana vipi.

Ya kwanza ningeiita angalia_nafasi_boti na kuiandikia hivi: "Inaangalia viti vilivyobaki, bei na saa za kuondoka kwa tarehe moja. Haibuku wala haikati pesa. Itumie mteja anapouliza au anaposema anataka kusafiri. Ikirudisha orodha tupu maana yake siku hiyo hakuna boti, sio kwamba mtandao umekatika." Na ya pili, buku_tiketi_boti: "Inakata tiketi na kumdai mteja. Itumie pale tu mteja alipokwisha oneshwa safari, akachagua moja na akakubali bei." Umeona, nusu ya maneno ni lini itumike na lini isiguswe, na hapo n'do watu wanapoparuka.

Parameta nazo usiziache uchi. Wewe umeandika "mahali" na "saa" tu. Mteja akisema saa moja asubuhi anakusudia 07:00, modeli ikiamua ni 01:00 utamlaumu nani? Iandike: mteja anataja saa za Kiswahili, wewe peleka za 24, mfano saa moja asubuhi ni 07:00. Na hiyo Mkoani, wewe unajua ni bandari, lakini neno hilo hilo ni "kwenye mkoa", kwa hiyo usiache sehemu ya kuandika chochote, weka orodha ya kuchagua, malindi, mkoani, wete, mwisho. Abiria vile vile, mkaazi au mgeni, na useme bei inarudi kwa shilingi au dola, mana namba tupu haina sarafu.

Ukimaliza chukua mesej ishirini za wateja wa kweli, futa majina na namba za simu, zipitishe uangalie inachagua zana ipi. Panapokosea rekebisha maneno ya zana ile, usirudi kwenye promti kupiga makelele.

Lakini hata ukiandika vizuri, maelezo sio kufuli. Modeli inayasoma na mara nyengine inateleza, kwa hiyo chochote kinachogusa pesa ya mtu kifungie ndani ya kodi: bila ya mteja kubonyeza "ndiyo" funksheni ikatae, na ikatae kwa sentensi inayoeleweka, "mteja hajathibitisha, muulize kwanza", sio "error 400", mana jibu hilo nalo modeli inalisoma.

Na hapa n'do nnapoogopa zaidi. Tangu MCP, ule utaratibu wa kuunganisha ajenti na zana za nje, ilipotoka mwisho wa 2024 watu wanapachika zana za watu wasiowajua kama wanavyopachika stika kwenye daladala. Maelezo ya zana ya mtu mwengine yanaingia kwenye kichwa cha ajenti yako kama amri, na mwaka 2025 watafiti walishaonesha kwamba mtu anaweza kuficha humo maneno ya kuiambia isome mafaili yako iyapeleke kwake, wewe kwenye skrini huoni kitu. Ile zana ya hali ya bahari uliyoichukua mtandaoni, ya tatu kwenye orodha yako, maelezo yake ulishayasoma yote mpaka chini?