Maswali na Majibu: Je, nipokee simu ya namba nisiyoijua?

Swali. Ninashona sare za shule hapa Mwanza, na namba yangu imeandikwa kwenye kibao cha duka. Kijana wangu aliye chuoni amenikataza kabisa kupokea namba ngeni. Anasema zipo simu ambazo ukizipokea tu pesa zilizomo kwenye simu zinahamishwa, na kwamba ukitamka neno «ndiyo» sauti yako inarekodiwa na kutumiwa kuidhinisha malipo. Nimemsikiliza, lakini nimeshapoteza oda ya shule moja, na mjukuu wangu alipougua darasani walimu walinitafuta kwa namba nisiyoijua, nikaacha iite hadi ikakatika. Naomba mtaalamu anieleze: kupokea peke yake kunaweza kuniibia? Na hawa matapeli wanalipata wapi jina langu kamili? — Msomaji, Mwanza

Jibu. Shikamoo mama. Pokea simu zako. Kwa mtu ambaye riziki yake inapitia kwenye namba iliyoandikwa juu ya mlango wa duka, kuacha kupokea ni hasara ya uhakika, inayolipwa kila siku ili kukwepa hatari ambayo, kwa namna ulivyoelezwa, haipo. Matapeli wapo na wanaiba kweli, ila wizi wao hautokei pale unapobonyeza kitufe cha kupokea.

Simu ya kawaida inapokuita, mtandao unaitengea njia ya kupitishia sauti, na ukipokea, sauti yako na ya mpigaji huanza kwenda na kurudi katika njia hiyo. Pesa zako hazimo ndani ya simu wala ndani ya laini, bali zimeandikwa katika mifumo ya kampuni inayokuhudumia, na ili zihame ni lazima itolewe amri kutoka kwenye laini yako, kwa menyu kama *150*00# au *150*60# au kwa programu ya kampuni, kisha amri hiyo ithibitishwe kwa namba ya siri. Njia ya sauti haibebi amri hiyo, na ndiyo sababu tapeli hutumia muda mrefu na maneno matamu akijaribu kukufanya uitoe wewe mwenyewe. Wala hutozwi salio kwa kupokea simu ukiwa ndani ya nchi. Anayelipa ni aliyepiga.

Nisingependa kijana wako aniletee mfano mmoja nikaonekana nimeuficha, kwa hiyo nautaja. Mei 2019 WhatsApp ilitangaza kwamba imeziba tundu katika sehemu yake ya kupiga simu, tundu ambalo lilikuwa limetumiwa kuingiza programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO Group ya Israel katika simu za watu wapatao 1,400, miongoni mwao wakiwa waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu. Programu ile iliweza kuingia hata pale mwenye simu alipoacha kupokea, maana yake ushauri wa kutopokea usingewasaidia kitu; kilichowasaidia wengine ni kusasisha programu. Tena chombo cha aina ile huuzwa kwa serikali kwa fedha nyingi, na hakuna anayekitumia kuwinda mauzo ya sare za shule.

Habari ya neno «ndiyo» nayo ina chanzo chake. Machi 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliwaonya wananchi wake kuhusu wapigaji wanaouliza «unanisikia?» ili kurekodi jibu la kukubali, kwa kuwa kule zipo huduma zinazouzwa kwa simu na mteja akazikubali kwa mdomo. Onyo hilo limesambaa hadi kwetu bila mazingira yake. Hapa malipo ya simu yanaidhinishwa kwa namba ya siri, na hakuna menyu inayofunguliwa na sauti yako, iwe umesema ndiyo, hapana au halo. Kuna jambo jingine linalofanana na hilo ambalo ni la kweli, nalo ni kuigizwa kwa sauti ya mtu kwa kompyuta, lakini anayetaka kuiga sauti yako atapata sampuli nzuri zaidi katika ujumbe wa sauti uliotuma kwenye kundi la ukoo kuliko katika neno moja ulilolitamka simuni. Ikitokea ukasikia sauti ya mwanao ikilia shida kutoka namba ngeni, mpigie kwenye namba yake ya siku zote, au muulize jambo la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijua.

Jina lako kamili halihitaji mwizi wa kompyuta. Yeyote anayeanza kutuma pesa kwenye namba yako huonyeshwa jina la mwenye laini kabla hajathibitisha, na anaweza kusitisha hapo hapo bila kutuma hata shilingi. Utaratibu huo uliwekwa ili watu wasikosee kutuma, na ni mzuri, ila tapeli naye anausoma. Ongeza daftari la wakala ulimoandika jina na namba, ongeza orodha za michango ya harusi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na majina matatu ya kila mtu na kiasi alichoahidi, na utaona kwamba mpigaji anayekutaja kwa jina hajathibitisha lolote kuhusu alikotoka. Watu wengi huregeza ulinzi pale tu wanapoitwa kwa jina lao kamili, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa linalowagharimu kuliko lile la kupokea.

Namba inayoonekana kwenye kioo nayo isikutishe wala isikutulize kupita kiasi. Tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama kampuni akabaki na namba yake, hivyo tarakimu za mwanzo hazikuhakikishii tena mpigaji yuko mtandao gani. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa, lakini tapeli mara nyingi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine asiyejua, pengine mzee aliyeambiwa aweke kidole mara ya pili kwa kuwa eti cha kwanza hakikusoma. Piga *106# na uhakiki kwamba kila laini iliyo chini ya kitambulisho chako unaitambua. Upande wa pili, namba ngeni inaweza kuwa ya ndugu yako halisi: baadhi ya simu za kutoka ng'ambo hupitishwa kwa njia za mkato kwenye vifaa vilivyojazwa laini za hapa nchini, na dada anayepiga kutoka Muscat akaonekana kwako kama 07 na tarakimu usizozifahamu. Njia hizo ni haramu, lakini dada yako hana habari nazo, na hastahili kukatiwa simu.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe, maana hapa ndipo wizi ulipo. Mpigaji hujitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, au wa benki, au wakala aliyekosea kutuma. Atakueleza kwamba laini yako inafungwa leo, au kuna pesa zimezuiliwa kwa jina lako, na atasisitiza usikate simu. Sisitizo hilo la kutokukata lina kazi yake: ukikata utatulia, utamuuliza jirani, utapiga namba halisi. Ukiwa ungali hewani atakuelekeza ufungue menyu ya pesa «ili tuhakiki taarifa zako», uchague namba moja, uingize tarakimu anazozisoma na kuziita kumbukumbu ya ombi, kisha tarakimu nyingine anazoziita msimbo wa uhakiki. Mteja hajui kwamba namba moja ni tuma pesa, kwamba ile kumbukumbu ni namba ya simu ya mpokeaji, na kwamba ule msimbo wa uhakiki, tuseme 485000, ni kiasi kinachoondoka. Namba ya siri anaiweka mwenyewe kwa mkono wake, na mfumo unaona muamala halali kabisa. Kuna wengine hawaombi uende kwenye menyu: wanasukuma ombi la malipo likajitokeza lenyewe kwenye kioo chako, na kazi yao inabaki kukuhimiza uweke namba ya siri «ili kulifuta». Kuweka namba ya siri hakufuti ombi lolote. Kunalilipa.

Mbinu ya tatu haigusi menyu ya pesa, na kwa hiyo huwapata hata waangalifu. Unaambiwa upige namba inayoanza na *21* au **21*, ikifuatiwa na namba ya simu na alama ya #. Hiyo ni amri ya zamani ya mitandao ya simu inayohamisha simu zako zote ziende kwenye namba hiyo. Ukishaipiga, tapeli anaomba kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake na kuchagua kupokea namba za uthibitisho kwa kupigiwa, na simu hiyo inaita kwake. Ndani ya dakika chache ndugu zako wanaombwa mkopo wa haraka na wewe. Ukitaka kujua kama simu zako zimehamishwa, piga *#21#. Ukitaka kuondoa uhamisho wowote, piga ##002#. Hakuna mpigaji ninayemfahamu, wa kampuni yoyote, mwenye sababu ya kweli ya kukupigisha amri hizo.

Kwa hiyo ninachokushauri ni kupokea, kusikiliza, na kutofanya jambo lolote lenye kubonyeza wakati mpigaji yuko hewani. Mteja wa sare hakuombi ubonyeze kitu. Atauliza bei, atataja vipimo, atauliza duka liko wapi. Mwalimu atakuambia mtoto anaumwa. Yeyote anayetaka ufungue menyu, usome namba iliyoingia kwa ujumbe mfupi, au utaje namba ya siri, mwambie utampigia, kisha kata na utafute namba ya ofisi yake kwa njia nyingine kabisa, si kwa namba anayokupa. Kampuni za simu hapa Tanzania zimewatangazia wateja kwamba huwapigia kwa namba 100, na kwa wasomaji wa Kenya, Safaricom hutumia 0722 000 000. Hata hivyo, namba hizo zikikuita na mpigaji akaomba namba ya siri, bado utakata na kuipiga 100 mwenyewe. Mtu anayedai amekutumia pesa kimakosa naye umwelekeze huko huko. Angalia salio lako kwenye menyu, si katika ujumbe, na hata ukizikuta usimrudishie kwa mkono wako, kwa kuwa kampuni ina utaratibu wa kurejesha muamala.

Kuna mahali ambapo kijana wako ana haki. Sisi tumezoea kubipu, na simu iliyoita mara moja ikakatika tunaichukua kama salamu ya mtu asiye na salio, tukapiga. Ikiwa namba hiyo inaanza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi ambayo huna mtu wala biashara, usiipigie. Zipo kompyuta zinazobipu maelfu ya namba kwa siku zikitarajia wachache wapige, na anayepiga hutozwa kiwango kikubwa ambacho sehemu yake humrudia aliyebipu. Simu ya picha ya WhatsApp kutoka kwa mtu usiyemjua nayo iache ipite, kwa kuwa picha ya uso wako inaweza kunaswa na kuunganishwa na picha chafu ili udaiwe fedha. Katika mipangilio ya faragha ya WhatsApp kuna sehemu ya kunyamazisha wapigaji wasiojulikana, iliyoongezwa mwaka 2023. Kwako naona inafaa huko, huku laini ya kawaida ikibaki wazi kwa wateja.

Usishangae pia ukipigiwa na mtu mkali anayedai deni la jirani au la mpwa wako. Programu nyingi za mikopo ya mtandaoni huchota orodha ya majina kwenye simu ya mkopaji, kisha huwasumbua wote waliomo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kama hukusaini udhamini, deni hilo si lako. Mwambie hivyo mara moja na uizuie namba yake.

Programu za kutambua wapigaji, kama Truecaller, zinasaidia kiasi, ila jina zinaloonyesha mara nyingi ni lile ambalo watu wengine wameliandika kwenye simu zao. Tapeli anaweza kujiandikia «Huduma kwa Wateja», na fundi mwaminifu akaonekana kama «Msumbufu» kwa sababu ya mteja mmoja aliyegombana naye. Namba za shule ya mjukuu, za mwalimu wa darasa na za zahanati uziandike mwenyewe kwa majina yake.

Ukipata ujumbe au simu ya utapeli, tuma taarifa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa kazi hiyo, na ufuate maelekezo ya kuitaja namba ya tapeli ili ishughulikiwe. Na ikiwa pesa zimeshaondoka, piga 100 kabla ya kufanya lolote lingine, hata kabla ya kuwapigia watoto, kwa sababu zikishatolewa kwa wakala kampuni haina cha kuzuia. Kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoiandikisha, ukiwa na namba ya muamala, saa uliofanyika na namba iliyokupigia, na ule ujumbe usiufute.