Nyuzi za fedha "zimeyeyuka" au vipi?

Msomaji mmoja wa Uvinza, anafundisha sayansi sekondari, kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Niliwaambia wanafunzi nyuzi za fedha zile za nanomita zikipashwa moto zinayeyuka, mwenzangu akanikatalia, eti hazijayeyuka, ni umbo la fuwele ndo limebadilika. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Mwenzako kakupata kwenye neno moja, afu na yeye kateleza kwenye jingine.

Kuyeyuka ni mpaka kitu kiwe majimaji, na fedha inafika huko kwenye nyuzijoto 962 hivi. Sasa hizo nyuzi zako ni nyembamba mno (milimita 1 ni nanomita milioni 1 nzima), kwa hiyo mapema kabisa kabla ya hapo atomu za juujuu zinaanza kuteleza, uzi unakatikakatika unakuwa kama shanga na bado ni kitu kigumu. Hapo sema zimekatika, au zimejikunja kuwa shanga, basi. Ila usilitupe neno kuyeyuka, maana vipunje vya dhahabu vya nanomita chache vinayeyuka kweli, tena chini sana ya zile nyuzijoto 1064 za dhahabu ya kawaida.

Haya, mwenzako. Kusema "umbo la fuwele" kachanganya umbo na muundo: umbo ni la nje, unaliona, muundo ni wa ndani, yaani atomu zilivyopangana. We uko Uvinza bana, chukua punje ya chumvi ya hapo kwenu, hiyo ndo fuwele (kitu kigumu ambacho atomu zake zimepangana kwa mpangilio unaojirudia), itwange kwenye kinu: umbo limeharibika, lakini muundo ni uleule, sodiamu na klorini zimepangana vilevile mpaka kwenye unga. Na uzi wa fedha ni hivyohivyo, umbo limetoka uzi likawa shanga ila mpangilio wa atomu haujaguswa. Ukitaka muundo unaobadilika kwa joto wape mfano wa chuma, kikifika 912 atomu zinahama mpangilio na chuma bado kigumu, wahunzi walikuwa wanakifua kikiwa chekundu bila hata kujua hilo.

Na hapo kwenye chuma sema atomu "zimejipanga upya", sio "zimepangika". Najua kuna watu wanasema atomu haina akili ya kujipanga, lakini mbona maji na mafuta tunasema yamejitenga na hakuna anayelalamika? Kupangika mi nasikia ni kama vitabu kwenye kabati, kuna mtu kavipanga vikakubali.