Kingo za Kupanda na Kushuka kwa Njia za Bolingi: Niliyojifunza kwa Kukosea

Mafundi wenzangu, hasa vijana wanaopata kazi za hoteli, huniuliza mara kwa mara namna ya kutengeneza zile kingo zinazoinuliwa pembezoni mwa njia ya bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe ili liangushe pini zilizosimamishwa mwisho wa njia, ili tufe la mtoto lisitumbukie mferejini. Mimi ni seremala kwa asili, na kazi ya kuchomea chuma nilijifunza ukubwani baada ya kuchoshwa na ahadi za wachomeaji. Kazi yangu ya kwanza ya namna hii niliipata katika hoteli moja ya kaskazini mwa Unguja, iliyokuwa na njia mbili ndani ya banda lililo wazi upande wa bahari, na karibu makosa yote nitakayoyaeleza niliyafanya humo. Lile ambalo ningependa kuambiwa tangu siku ya mwanzo ni kwamba kuuinua ukingo ni kazi nyepesi, ambayo fundi yeyote ataiweza kwa wiki moja. Kazi ni kuushusha, uondoke kabisa njiani, mchezaji mzima asijue hata kama upo, kisha ukubali kupanda tena baada ya miezi sita ya chumvi na vumbi.

Anza na vipimo, kwa kuwa mchezo huu hauna nafasi ya kukisia. Njia ya kawaida ina upana wa kiasi cha sentimita 105, na kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18.29. Tufe lina kipenyo cha kiasi cha sentimita 21.6, na zito kabisa linaloruhusiwa ni la ratili 16, ambazo ni kilo 7.26. Mfereji una upana wa kiasi cha sentimita 23.5. Sasa toa upana wa tufe katika upana wa mfereji, utaona kuwa zinabaki pungufu ya sentimita mbili.

Hizo sentimita mbili ndizo zilizoniadhiri. Ukingo wangu wa kwanza ulikuwa ubao wa mkangazi wenye unene wa sentimita mbili na nusu, nilioufunga kwa bawaba ili ukiteremshwa ujilaze kwenye ukuta wa nje wa mfereji. Ulipendeza macho, nami niliupiga msasa na vanishi kana kwamba natengeneza kabati la bibi harusi. Jioni ya kwanza mgeni mmoja alirusha, tufe likaingia mferejini, likaenda mita nane hivi, likanasa baina ya ubao na ukuta wa pili. Bwana yule hakumwita mtu; alivuka mstari akaenda kulichukua mwenyewe, na njia ya bolingi hupakwa mafuta ambayo mara nyingi hufika kiasi cha futi 40 kutoka mstarini. Alianguka chali, nusura avunjike kiuno. Siku ya pili asubuhi meneja aliniita, akaniambia kwa upole ulionitia haya zaidi kuliko ukali: "Fundi, hebu uteremshe tena tuone unakaa wapi." Nikauteremsha. Tukautazama sote wawili, na hapakuwa na la kusema.

Kwa hiyo ukingo usiuhifadhi ndani ya mfereji. Mahali pake ni kwenye lile tuta linalotenganisha mifereji ya njia mbili, ambalo ndani lina uwazi au linaweza kufanyiwa uwazi. Ukingo ukae humo umesimama kwa ubavu wake mwembamba na uchomoze juu kupitia mwanya, kama mlango wa kuteleza uliogeuzwa uteleze kwenda juu. Ukikuta tuta ni la zege lililojaa, mwambie mwenye mali mapema kwamba kazi itakuwa ya kuvunja na kujenga upya, usijaribu kumrahisishia bei kwa kurudi kwenye bawaba.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusizibe mifereji kwa vitu vya kuweka na kuondoa. Ndivyo ilivyokuwa zamani: huko Marekani, katika miaka ya 1980, mifereji ilizibwa kwa mirija ya kujazwa upepo kwa ajili ya watoto, na meneja wangu naye alipendekeza tutumie tyubu za magari. Ubaya wake ni kuwa familia hucheza pamoja. Baba anataka mfereji uwe wazi, la sivyo mchezo wake hauna maana, na mwanawe wa miaka sita, ambaye zamu yake ni baada ya dakika moja, anataka uzibwe. Chombo kinachotaka watu wawili na dakika tano kukiweka hakiwezi kuwaridhisha wote wawili katika mchezo mmoja. Wenzo mmoja unaovutwa kwa sekunde mbili unaweza.

Kuhusu kimo, nilifuata jicho badala ya hesabu, nikauinua ukingo sentimita saba juu ya uso wa njia kwa kuwa ulionekana unatosha. Tufe la mtoto likalia "tok" na kurudi njiani, nikafurahi. Kisha kijana mmoja mwenye nguvu akarusha kwa pembeni, tufe likapanda juu ya ukingo, likaruka tuta, likaishia kwenye njia ya jirani. Sababu yake ni kwamba kitovu cha tufe kiko sentimita 10.8 kutoka chini, nusu ya kipenyo chake. Ukingo ukiligusa chini ya kitovu, msukumo wake hauendi pembeni tu bali huliinua pia, na mwendo ukiwa mkubwa huo mwinuko unatosha kulivusha. Ukiligusa usawa wa kitovu, hulirudisha njiani bila ya kulinyanyua. Tangu siku hiyo hupanga mguso uwe kati ya sentimita 11 na 12, na ukingo wenyewe upite hapo kidogo, kisha naupima kwa tufe lenyewe lililowekwa njiani kwa kuwa futikamba ikipinda hudanganya.

Jambo ambalo mafundi wengi hulikisia kinyume ni nguvu ya pigo. Hudhani hatari iko kwa wazima wenye matufe mazito. Chukua mtu mzima anayerusha tufe la kilo 7.26 kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde, likagusa ukingo kwa pembe ya digrii 5: mwendo wake wa kuelekea pembeni ni kiasi cha mita 0.7 tu kwa sekunde, na nishati inayopiga ukingo haifiki jouli 2. Mtoto anayesukuma tufe la kilo 2.7 kwa mwendo wa mita 3 lakini kwa pembe ya digrii 30, kama watoto wafanyavyo, anaupiga ukingo kwa kiasi cha jouli 3. Tena huupiga mahali pamoja, karibu na mstari, mara kumi na tano kwa jioni. Kwa sababu hiyo nguzo zinazoubeba ukingo, ndiyo ile mikono nitakayoieleza hivi punde, katika mita nne za mwanzo mimi huziweka karibu karibu, kila sentimita 75, na baada ya hapo huziachanisha kwa mita moja na nusu.

Sasa tuje kwenye mtambo wenyewe, ambao ndio roho ya kazi. Ukingo wangu umebebwa na mikono mifupi ya chuma, kila mmoja umefungwa kwa pini ya chuma chini ndani ya tuta na kwa pini nyingine kama hiyo juu kwenye ukingo, na yote imeunganishwa na ufito mmoja mrefu unaoishia kwenye wenzo nyuma ya mstari wa kurushia. Ukivuta wenzo, mikono yote husimama kwa pamoja na ukingo hupanda ukiwa sambamba na njia muda wote. Mikono iinuke kwa kufuata urefu wa njia, isiinuke kwa kupindukia upande wa mfereji, kwa sababu tufe hupiga kwa pembeni, na mkono unaokunjika upande huo huo utakunjwa na pigo.

Hata hivyo, upande wa kulalia nao una maana yake, na hapa nilikosea tena. Mara ya kwanza nililaza mikono kuelekea kwenye pini za mchezo. Kila tufe lililougusa ukingo liliuburura mbele kidogo, nao, kwa kuwa mbele ndiko kulala, ukaanza kulegea, na katikati ya mchezo ukashuka wenyewe, watoto wakapiga kelele kana kwamba wameona jini. Dawa ilikuwa kugeuza yote: mikono ilale kuelekea kwa mrushaji, ipandapo ielekee kwenye pini, ipite wima kwa digrii nne au tano, kisha ikutane na kizuizi kilichochomewa imara. Hapo uzito wa ukingo wenyewe unaufunga, na kila tufe linalouburura linauzidishia kufunga. Sikuhitaji komeo, springi wala kufuli. Kumbuka tu kwamba ukingo unaoinuka hivi husogea kwa urefu pia, kwa kiasi kinachokaribia urefu wa mkono au kuupita kidogo, kwa hiyo acha nafasi upande wa mrushaji ndani ya mwanya, la sivyo utagonga ncha ya tuta kila unaposhushwa.

Bomba la chuma nililoanza nalo lilikuwa zito, hata mhudumu akalazimika kushika wenzo kwa mikono miwili, nami nikahamia alumini, ambayo kwa ujazo ule ule ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma. Mabomba huuzwa kwa urefu wa mita sita, na matatu yanakaribia kabisa urefu wa njia. Upungufu unaobaki hauna tabu, kwani ukingo hauhitaji kuanza mstarini penyewe, na lazima uishe kabla ya pini ili nazo zipate pa kuangukia. Katika viungo acha mwanya wa milimita mbili, kwa sababu banda la pwani hupoa usiku na kupata joto mchana, na alumini ya mita 17 hurefuka kiasi cha milimita sita kwa tofauti ya digrii 15. Ncha ya kila kipande inayomkabili mrushaji ipige tupa mpaka ikae nyuma kidogo ya ile iliyotangulia, ili tufe likipita lisikwaruzwe wala kudunda.

Kuhusu kutu sitakuwa na maneno mengi, kwani kila anayeishi visiwani humu ameona geti jipya likigeuka wekundu kabla ya Ramadhani mbili kupita. Tumia chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 kwa pini za mikono na boliti. Usikutanishe alumini na chuma moja kwa moja. Weka washa za nailoni baina yake, kwa sababu metali mbili zikikutana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa ikageuka unga mweupe. Bushi za pini hizo, yaani vile vipete ambamo pini huzungukia, pia ziwe za nailoni, na usizipake grisi, maana grisi hushika mchanga na mchanga ni msasa. Mbao za kufunikia tuta ziwe za mninga uliokauka vyema. Mimi niliweka mbao mbichi, na masika yalipofika mwanya ulijibana, ukingo ukakataa kupanda na kushuka.

Wapo watakaokushauri utumie mota au mtambo wa upepo, na katika majumba makubwa ya nchi nyingine kompyuta ya kuhesabu alama ndiyo inayoinua kingo kwa mtoto na kuzishusha kwa mzazi. Mimi siwezi kukushauri hivyo hapa. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na walio na umri wa kukumbuka wanajua kwamba mwaka 2008 tulikaa kiasi cha mwezi mzima bila ya umeme, kisha kuanzia Desemba 2009 tukakaa miezi mitatu. Ukiweka mota, weka na wenzo wa mkono unaofanya kazi bila ya kuisubiri mota, na umwonyeshe kila mhudumu mahali ulipo.

Tazama vidole. Mtoto akiona kitu kinachotoka ardhini ataingiza mkono, huo ndio utoto. Pima mwanya kati ya ukingo na tuta katika kila hatua ya kupanda, na uhakikishe ama ni mdogo kuliko kidole cha mtoto wa miaka mitatu au ni mkubwa kuliko mkono wake. Wenzo uwe mahali ambapo anayeuvuta anaiona njia yote mpaka mwisho.

Kazi yangu ya mwisho katika hoteli ile ilikuwa ndogo, nayo sikuitarajia. Kumbe wazima nao, watoto wakishalala, humwomba mhudumu awainulie kingo, na mlio wa mikono ya chuma kukutana na vizuizi vyake ulikuwa ukisikika mpaka vyumbani. Nilikata vipande kutoka kwenye ndara kuukuu, nikavigandisha juu ya kila kizuizi kwa gundi ya mafundi viatu. Hushika kwa miezi minne au mitano kabla ya kutaka vingine.