Tarehe 30 Juni ina madeni mawili

Nauza vifaa vya ujenzi Morogoro. Mwaka mauzo yalipovuka milioni 100, mhasibu aliniambia nimeshatoka kwenye kundi la wafanyabiashara wadogo wanaotozwa kodi ya mapato kwa mauzo. Sasa ningelipa kwa faida, tena nikadirie mwenyewe. Nikafurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kwa anayefunga hesabu Desemba, kama wengi wetu, awamu za kulipa ni nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Makadirio yenyewe yanafika TRA, mamlaka ya mapato, kabla Machi haijaisha. Hayo niliyajua. Nilichosahau ni kwamba 30 Juni ndiyo pia mwisho wa kupeleka ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi halisi, ya mwaka uliopita. Na mwaka huo nilikuwa nimekadiria kwa woga, faida kiduchu. Basi siku hiyo hiyo nikadaiwa awamu ya pili, tofauti ya mwaka uliopita, na riba juu. Pesa yote ilikuwa imelala kwenye saruji na nondo, maana masika ndiyo kwanza yameisha na mafundi wanaanza kurudi saiti. Nilimkopa shemeji. Mpaka leo kila harusi ananikumbusha.

Siku hizi hesabu za mwaka uliopita nazifunga Februari, ili deni la Juni nilijue likiwa bado mbali. Halafu kila Jumamosi jioni natoa fungu la kodi kwenye mauzo ya wiki, naliweka kwenye laini ya simu inayokaa nyumbani kabatini.

Kingine, makadirio yanarekebishwa. Tuseme ulikadiria kodi ya milioni 6, yaani milioni 1.5 kila awamu, na umeshalipa mbili. Agosti ukiona biashara imechangamka na kodi itafika milioni 8, peleka marekebisho: milioni 5 zilizobaki zinagawanywa kwa awamu mbili. Ikidorora, unashusha vilevile. Wengi hukumbuka kushusha tu. Kupandisha ndiko kunakokuepusha na riba ya kukadiria chini.

Namba ya malipo naichukua wiki moja kabla, hasa ya Desemba. Mhasibu wangu ni Mchaga, na ikifika tarehe 20 keshapanda basi la Moshi.