Jibu: Mwalimu kaikata Wikipedia, asili ya "shule" niitoe wapi?

Salama ndugu. Nimekuelewa hivi: unaandika juu ya neno "shule", ulinukuu Wikipedia, mwalimu kaichora kwa wino mwekundu, na sasa umekwama.

Usiifute kwanza. Shuka hadi chini ya makala, kwenye marejeo. Hapo ndipo pana mali. Nakili jina la mwandishi na mwaka, kisha tafuta jina hilo kwenye katalogi ya maktaba. Ukikuta makala haina marejeo hata moja, achana nayo.

Kwenye kamusi, tafuta umoja, si wingi. Mimi nilipoteza mchana mzima nikiandika "vyuo" na kuambiwa hakuna, kumbe kamusi inaorodhesha "chuo" tu. Na hilo neno litakufaa, maana zamani "chuo" lilimaanisha kitabu.

Kwa asili ya neno, linganisha kamusi za miaka tofauti. Ya mmisionari Johann Ludwig Krapf, ya mwaka 1882, imeskaniwa na inasomwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Ila ilitangulia usanifishaji wa Kiswahili, kwa hiyo jaribu tahajia mbili tatu kabla ya kusema neno halimo. "Shule" ni la Kijerumani, Schule. Wazanzibari wanasema "skuli", la Kiingereza. Tofauti hiyo peke yake ni aya nzima.

Mtindo wa marejeleo wa chuo chenu siujui, hilo muulize mwalimu. Ukikwama kwenye katalogi, weka hapa ulichoandika kwenye kisanduku cha kutafutia.